Maswali Yenu: Pemba kwa ndege kilomita ngapi, na hiyo saa ya kwenye tiketi ni saa ya nani?

Assalaam alaykum wasomaji wetu. Mara hii karibu barua zote mlizoleta ni za ndege, na mie nimefurahi kweli, kwa sababu kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka kumi na moja nyuma ya meza ya kukatia tiketi hapa Unguja na haya mnayouliza ndo yale yale yaliyokuwa yakiwaliza watu mbele yangu. Zilizofanana nimeziunganisha, na majina ya waulizaji nimeyaacha kama walivyotaka wenyewe.

SWALI: Mie kwetu Chake lakini nasoma chuo huku Unguja. Nimebishana na mwenzangu wa chumba kimoja, tukaingia kwenye simu tukaandika umbali wa Zanzibar mpaka Pemba kwa ndege, ikaja kilomita 765. Tukaandika tena kwa namna nyengine ikaja 125. Ipi ya kweli? Na kama ni 765 mbona nikipanda ndege nafika nusu saa? (Mwana wa Chake, Tunguu)

JIBU: Mwanangu zote mbili za kweli, ila Pemba ni mbili. Kuna Pemba yetu hii ya karafuu na kuna Pemba mji wa kaskazini ya Msumbiji, mkoa wa Cabo Delgado, mji uliokuwa ukiitwa Porto Amélia wakati wa Wareno. Simu ukiiandikia Pemba tu inakuchagulia yenyewe, na mara nyingi inachagua ile ya Msumbiji. Kwa hiyo usitazame jina, tazama herufi tatu za kiwanja. Kiwanja chetu cha Unguja ni ZNZ, cha Pemba yetu ni PMA, na cha Pemba ya Msumbiji ni POL. Ukiona POL ujue unapelekwa kusini, tena mbali, kilomita 760 na ushei.

Usione jambo dogo hili. Nimeshawahi kufikiwa mezani na dada mmoja mgeni, kajinunulia tiketi peke yake mtandaoni, mchumba wake anamsubiri Wete na nyumba nzima imeshapika, kumbe karatasi yake imeandikwa POL kuanzia juu mpaka chini. Alikaa kwenye kiti akalia. Pesa ile hakurudishiwa, ikabidi anunue tiketi nyengine ya Pemba yetu asubuhi yake. Tangu siku ile kila aliyenitajia Pemba nilikuwa namuuliza Pemba ipi, hata kama kavaa kofia ya kiua na lafudhi yake namjua ni mtu wa Micheweni.

Sasa hizo 125 zinapatikana vipi, maana umeniandikia chini ya barua kwamba mwenzako hakubali mpaka aone hesabu. Kaeni pamoja na kalamu. ZNZ iko nyuzi 6 na dakika 13 kusini ya ikweta (dakika hizi ni za ramani, sio za saa, na sitini zake ni uzi mmoja), PMA iko nyuzi 5 na dakika 15, kutoa hapo zinabaki dakika 58. Hiyo ni kwenda juu. Kwenda pembeni, ZNZ iko nyuzi 39 na dakika 14 mashariki, PMA nyuzi 39 na dakika 49, tofauti dakika 35. Na uzuri wa maili ya baharini ni kwamba dakika moja ya latitudo, yaani ile ya kwenda juu, ni maili moja, na sisi kwa kuwa tuko karibu na ikweta hata dakika ya longitudo, ile ya pembeni, ni karibu sawa sawa na maili moja. Basi una pembetatu ya skuli hapo, upande mmoja 58, wa pili 35, tafuta ule mrefu, utapata maili 68 kasoro kidogo. Zidisha kwa 1.852 ndo kilomita 125. Mwambieni na huyo mwenzako azidishe mwenyewe.

Na nusu saa inatoka hapa: vile videge vya injini moja tunavyopanda kwenda Pemba, Cessna Caravan, vinakwenda kama kilomita 300 kwa saa vikishakaa sawa angani, kwa hiyo kilomita 125 ni dakika 25, uongeze dakika za kutambaa chini, kupanda na kushuka. Tiketi ikikwambia dakika 30 au 35 haikudanganyi.

SWALI: Nilikwenda Pemba mwezi wa saba kumtazama mama, nikatazama saa tangu tumeruka mpaka tumegusa chini dakika 23. Kurudi siku tatu baadae, ndege ile ile, ilikuwa dakika 30. Mume wangu anasema rubani alizunguka. Kweli? (Mama Tumu, Jang'ombe)

JIBU: Dada yangu rubani hana lawama. Umesema mwezi wa saba, basi hilo ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Pemba iko kaskazini mashariki ya Unguja, kwa hiyo ulipokwenda upepo ulikuwa mgongoni na uliporudi mlikuwa mnaukabili usoni. Chukua ndege ya kilomita 300 kwa saa, tia upepo wa kilomita 40 tu nyuma yake, inakuwa 340, inamaliza safari kwa dakika 22. Igeuze, upepo ule ule uwe mbele, inakuwa 260, dakika 29. Tofauti yako yote ndo hiyo. Ukienda mwezi wa kwanza kaskazi inavuma, upepo wa kutoka kaskazini, utaona kinyume chake, kwenda kunachelewa na kurudi mnakimbia, na wakati wa tanga mbili upepo haujajua unakwenda wapi basi kwenda na kurudi kunakaribiana.

Ndege kubwa nayo inasukumwa na upepo huo huo ila haionekani sana, kwa sababu kilomita 40 kwenye 300 ni nyingi lakini kwenye 840 za Boeing ni kidogo.

Mie jambo hili linanigusa kwa sababu wazee wetu walisafiri kwa pepo hizi hizi. Majahazi ya Maskati yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, wiki tatu nne baharini, na aliyechelewa kutoka alikwama huku mpaka msimu mwengine. Leo tunatazama saa ya mkononi tunasema rubani kazunguka, na upepo ni ule ule.

Nikwambie na jengine la kutazama ukipanda tena. Njia ya kurukia ya Unguja imelazwa kusini na kaskazini, kama pepo zetu zilivyo, na ndege hutua ikiukabili upepo. Wakati wa kusi ndege inatua ikielekea kusini, kwa hiyo inayotoka Pemba inateremka moja kwa moja, ila inayotoka Dar lazima ipite kwanza kuelekea kaskazini kisha igeuke irudi. Hizo nazo ni dakika, na hazimo kwenye kilomita.

SWALI: Mwanangu wa kike kaolewa Maskati, kanikatia tiketi niende kumuuguza uzazi. Nimetazama karatasi, kwenda saa sita na ushei, kurudi saa nne na ushei. Jirani yangu kanitia hofu anasema labda ya kwenda ndege mbovu. Nifanye nini? (Bibi mtarajiwa, Kwahani)

JIBU: Hongera mama, na Mungu amjaalie ajifungue salama. Ondoa hofu kabisa, ndege ni nzima na muda wa safari yenyewe kwenda na kurudi ni karibu mmoja, saa tano na robo au na dakika ishirini hivi. Kinachokupa hesabu mbili ni saa za ukutani. Oman wako mbele yetu saa moja, na tiketi kila mahali inaandika saa ya mahali pale. Wala haikwambii, inakuachia wewe ujue.

Nitakupigia mfano, sio saa za tiketi yako, mfano tu. Ndege inatoka Unguja 14:00, yaani saa nane mchana. Safari inachukua saa tano na dakika ishirini, kwa hiyo ukifika kwa saa yako ya mkononi ni 19:20, lakini ukutani pale Maskati 20:20, na hiyo ndo inayoandikwa. Ukitoa unapata saa sita na dakika ishirini. Kurudi inatoka Maskati 09:00, ambayo kwetu ni 08:00, inafika Unguja 13:20. Ukitoa 09:00 kwenye 13:20 unapata saa nne na dakika ishirini. Umeona? Kwenda saa moja imeongezwa, kurudi saa moja imepunguzwa, ndo tofauti ikawa mbili. Njia nyepesi ya kujua ukweli, jumlisha ile ya kwenda na ile ya kurudi ugawe kwa mbili. Sita na dakika ishirini na nne na dakika ishirini ni kumi na dakika arobaini, nusu yake tano na dakika ishirini.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 3,900. Ukigawa kwa 840 utapata saa nne na nusu na kidogo, basi usiniandikie tena kuniuliza nusu saa nyengine imekwenda wapi mama yangu: muda wa tiketi unaanza ndege inapoondoka pale iliposimama mpaka inaposimama tena, kuna kutambaa, kuna kusubiri zamu, kuna kupanda, kuna kushuka, na angani nako ndege haikati mstari ulionyooka, ina njia zake ilizopangiwa.

Kuna waliouliza Dubai, nao wako mbele saa moja vile vile, na umbali ni huo huo wa kilomita 3,900. Waliouliza Jeddah kwa ajili ya umra, Saudia saa yao na yetu ni moja, hamna kuongeza wala kupunguza. Na Jeddah mie naipenda hesabu yake. Kiwanja cha Jeddah na kiwanja cha Unguja viko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na dakika chache, ndo maana kibla chetu huku ni kaskazini, kimepinda kidogo tu. Kwa hiyo hamna hata haja ya pembetatu. Sisi nyuzi 6 na dakika 13 chini ya ikweta, Jeddah nyuzi 21 na dakika 40 juu yake, jumla nyuzi 27 na dakika 53. Kila uzi mmoja una dakika 60, inakuja dakika 1,673, na hizo ndo maili za baharini, kama kilomita 3,100. Mtu anaweza kuipiga hesabu hii akiwa kwenye mkeka anasubiri adhana.

SWALI: Tiketi ya baba imeandikwa Ijumaa 00:45. Tumegawanyika nyumba nzima, wengine wanasema tumpeleke kiwanjani Alkhamisi usiku, wengine Ijumaa usiku. Na hiyo 00:45 ni saa ngapi yetu? (Watoto wa Mzee, Mkoani)

JIBU: Alkhamisi usiku. Alkhamisi, Alkhamisi. Mkisali Isha ya Alkhamisi mtoeni nyumbani, na kama mzee bado yuko Mkoani basi avuke Unguja mapema, asubuhi ya Alkhamisi au Jumatano kabisa, msimtoe Pemba siku ile ile jioni.

Hili nalijibu kwa uchungu kwa sababu lilitokea kwetu. Ami yangu alikuwa na safari ya umra, tiketi Ijumaa, dakika arobaini na tano baada ya saa sita ya usiku, kama hii hii yenu. Vijana wakasoma Ijumaa, na muda usiku, wakasema Ijumaa usiku. Bibi yetu Alkhamisi baada ya Magharibi alikuwa kakaa barazani akauliza mbona hamjamtoa mtu, usiku wa Ijumaa si ndo huu? Wakamwambia bibi safari kesho. Akanyamaza. Ijumaa baada ya Isha tukajaa gari mbili, wanawake na watoto, halwa na kaimati kwenye vikapu, tunafika kiwanjani tunaambiwa ndege hiyo imeshaondoka jana usiku. Ami alisimama na ihram yake mkononi hasemi kitu. Wenzake wa msafara walikuwa wameshafika Madina. Ilibidi familia tuchange tiketi mpya, akaenda baada ya siku tatu, alhamdulillah alikwenda, lakini alimkosa rafiki yake wa tangu chuoni waliyepanga wakae chumba kimoja.

Na bibi ndo alikuwa sawa. Kwa Kiswahili chetu siku inaanza jua likizama, usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, sio unaofuata baada yake. Tiketi nayo inabadilisha siku saa sita ya usiku, kwa hiyo safari yoyote ya baina ya 00:00 na alfajiri iko kwenye usiku ule ule walioujua wazee. Wanaokosea ni sisi tuliozoea kusema Ijumaa usiku tukikusudia jioni ya Ijumaa. Ukiona tiketi imeanza na 00, 01, 02, 03, tafsiri hivi: usiku wa kuamkia siku iliyoandikwa. Waandikieni na mzee kwa kalamu kubwa juu ya karatasi, ALKHAMISI BAADA YA ISHA KIWANJANI, na mbandike kwenye friji.

Kugeuza saa ni sita tu. Ya asubuhi na mchana toa sita, 07:00 ni saa moja, 10:30 ni saa nne na nusu, 14:00 ni saa nane. Ya jioni kuanzia 19:00 ukitoa sita inazidi kumi na mbili, toa na kumi na mbili tena, 20:00 inakuwa saa mbili usiku. Ya baada ya saa sita ya usiku jumlisha sita, 00:45 ni saa sita na dakika arobaini na tano, 03:00 ni saa tisa usiku. Hatari zaidi ni zile zinazofanana, mtu anaona 08:00 kichwani inakuja saa nane, anafika mchana na pilau keshakula, ndege imeondoka saa mbili asubuhi. Na ndege inayokwenda nchi za nje muwe mumeshafika saa tatu kabla, sio kwa sababu ya woga, ni kwa sababu dawati la mizigo linafungwa mapema kuliko watu wanavyodhani na likishafungwa machozi hayalifungui.

SWALI: Kwenda Dar, ndege au boti? Ndege si dakika ishirini tu? (Mfanyabiashara, Darajani)

JIBU: Angani ni dakika kumi na tano mpaka ishirini kweli, umbali ni kilomita 73, Dar iko kusini yetu moja kwa moja. Lakini wewe huishi angani kaka. Toka Darajani uende kiwanjani, ukae usubiri, uruke, ushuke, uchukue begi, halafu ule njia kutoka kiwanja cha Julius Nyerere mpaka Kariakoo na foleni ya Barabara ya Nyerere unaijua. Boti inachukua kama saa mbili ila bandari yetu iko miguuni kwako hapo Malindi na kule inakuteremsha Posta katikati ya mji. Kwa biashara ya Kariakoo panda boti. Ndege panda kama una ndege nyengine ya kuunganisha pale pale kiwanjani, au una mgonjwa, au bahari imechafuka. Kuna watu wengi tu hawataki tena kusikia habari ya kupanda chombo tangu Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander njiani kwenda Pemba, na mie simlazimishi mtu aliyezika. Kwao dakika na bei sio hesabu.

SWALI: Mwalimu wetu wa jiografia kasema kutoka kiwanja cha Pemba, Tanga ni karibu kuliko Unguja. Darasa zima tumekataa. (Wanafunzi wa Wete)

JIBU: Mwalimu wenu kasema kweli. Kiwanja cha Tanga kiko nyuzi 5 na dakika 5 kusini, nyuzi 39 na dakika 4 mashariki. Fanyeni ile pembetatu niliyompigia Mwana wa Chake hapo juu, upande mmoja dakika 10, wa pili 45, nyie mtanitafutia wa tatu. Mie nimepata kama kilomita 85, kidege kile kile kama dakika 17 angani, na kwenda Unguja ni 125. Mkipata namba nyengine nileteeni karatasi nzima ya hesabu, nitaitazama.